Harufu ya Ulanzi Mstarini

Mwalimu Dorika amesimamia nidhamu kwa miaka mingi katika shule moja ya msingi pale Mjimwema, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona akicheka na mchelewaji. Hata hivyo haamini fimbo. Husema fimbo humpa mwalimu kazi ya mkono na kumpumzisha kazi ya kuuliza.

Asubuhi moja ya Machi, ukungu ukiwa bado umelala uwanjani, Jasmine wa darasa la sita aliingia mstari ukikaribia kwisha. Mwalimu wa zamu alikuwa Elius, aliyehamia karibuni kutoka Makambako. Alimsogelea, akanusa harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi.

"Leo tumeletewa kilabu!" Shule nzima ikaangua kicheko. "Ulanzi asubuhi yote hii, binti? Pita mbele uchapwe."

Jasmine alipita mbele, macho chini.

"Ngoja, mwalimu," alisema Dorika. Akamwinamia msichana. "Pumua." Pumzi ilinuka uji. Akashika mkono wa sweta lake. Ulikuwa umelowa, na harufu ilitoka hapo. "Nani kakumwagia?"

"Nimegema, madam. Bibi anaumwa mguu. Mbeta zilijaa, nikainua moja vibaya."

Mbeta ni kile kikombe cha mwanzi kinachokinga ulanzi, na kisipoondolewa alfajiri hufurika. Elius, aliyekulia kwenye mianzi, alilijua hilo tangu utotoni. Akashusha fimbo.

"Basi, nenda darasani."

"Bado," alisema Dorika kwa sauti ya chini. "Umemwita mlevi mbele ya wote."

"Madam, nikijirudi mbele ya watoto si watanipanda kichwani?"

"Watakupanda wakijua unawaogopa."

Kumdhalilisha mtoto hadharani na kumsafisha kwa kunong'ona ni uonevu, na Dorika hakuwa tayari kuupitisha. Alibaki amesimama pale pale. Elius akakohoa, kisha akawatangazia wanafunzi kwamba Jasmine hakunywa kitu, na kwamba yeye ndiye aliyekosea. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jasmine akageuka kuelekea darasani.

"Wewe, wapi?" aliuliza Dorika. "Si umechelewa? Kafagie mbele ya ofisi. Na mwambie bibi jioni nakuja, tutafute mtu mzima wa kugema asubuhi."

"Ndiyo, madam."

Akaenda kuchukua ufagio, kichwa juu.