Nilimpa Bibi Moza Baba Asiyekuwa Wake

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Mzee Khalfan wa Ansab, mchimba visima, mkewe, Bi Thureya, mtoto wao Sleiman, aliyekuja kumposa dada yangu, Maalim Nasor, aliyewaleta, Rahma mwenyewe, nyuma ya pazia, na mimi, kaka mtu. Wadogo zetu wawili tuliwapeleka kwa jirani. Nawataja wote ili ijulikane kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekosa. Aliyekosa ni mimi.

Mie ndiye mkubwa kwetu. Baba alifia Unguja, mama akamfuata mwaka wa pili, nikaacha skuli darasa la sita. Tulipotoka mwaka sitini na nne nilikuwa na wadogo watatu na sanduku moja. Nikawafikisha wote Maskati. Sasa tunakaa Wattaya, chumba cha makuti ubavuni mwa shamba la mitende, na mimi napanga magunia katika bohari ya mchele Matrah. Hilo la kuwafikisha nalisema mapema, kwa sababu zuri jengine sina.

Rahma anashona kofia. Sleiman alinunua moja kupitia kwa jirani, akarudi kununua ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Kichwa anacho kimoja! Nikajua posa inakuja, nikafurahi. Ni kijana wa kazi, ana haya, na Rahma alipoulizwa hakusema ndiyo wala la, akaenda kupiga pasi nguo ambayo haikuwa na mkunjo.

Sasa ndugu msomaji, lazima umjue Bibi Moza.

Alikuwa bibi yake baba yangu, na ndiye aliyemlea. Alitoka Oman msichana, akaenda Unguja na watu wa dini kali, akavunja pori akapanda mikarafuu. Nyumbani kwake hakuna ngoma, hakuna wimbo, hakuna kucheka kwa sauti. Inasemekana aliwahi kumrudisha bwana harusi njiani kwa sababu kanzu yake ilikuwa na nakshi shingoni. Jamaa zake baba wa huku Oman hatukuwajua, kwa hiyo tukiulizwa kwetu, tunajitambulisha kwa Bibi Moza.

Tatizo, Bibi Moza mwenyewe ni binti nani? Mashangazi walisema ni binti Sheikh Humud wa kijiji cha Ghala, kwa kuwa ukali ule hauwezi kutoka nyumba ndogo. Baba alisema si kweli, ni binti wa mchimba visima, jina lake Mbarak, na yeye aliambiwa na bibi mwenyewe, siku moja tu, katika homa. Wengine wote waliomuuliza aliwajibu, "Mimi binti wa Adamu," akaendelea na tasbihi yake.

Baba aliniachia maneno hayo kabla hajafa. Kwa hiyo nilijua. Msinionee huruma kwa kudhani sikujua.

Basi siku ile kahawa ikapita, halua ikafunguliwa, mazungumzo yakawa matamu. Mara Mzee Khalfan akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyo Bibi Moza wenu alikuwa binti nani?"

Nikaona ndio mtego wenyewe! Nikadhani anatupima, kama tunafaa au ni watu tuliotupwa na bahari. Nikatazama kanzu yangu iliyotiwa kiraka, nikatazama makuti ya chumba chetu, nikaona aibu. Nikasema, "Binti Sheikh Humud wa Ghala."

"Una hakika?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Ningeweza kusema watu husema tu. Mimi nikaapa. Nikasema Wallahi, na nikaongeza vya kunogesha: kwamba alikuwa na kovu kwenye nyusi, alianguka kutoka juu ya punda wa baba yake Sheikh akiwa mdogo. Kovu lile nililizua pale pale, na punda pia.

Mzee Khalfan akakiweka kikombe chini. "Basi tumekosea mlango," akasema. "Nna kijana mchimba visima. Damu ya masheikh wa Ghala siwezi kuichukua nyumbani kwangu. Sisi si kufu yenu."

Nilisahau, jamani! Sharti la kufu humbana mume, asiwe chini ya mke. Mimi nimekazana kumpandisha dada yangu, nikampandisha mpaka mchumba hamfikii.

Wakaaga kwa heshima, halua wakatuachia. Nje, Maalim Nasor akanivuta pembeni. Akaniambia babu yake Mzee Khalfan alikuwa na dada, aliyechukuliwa kupelekwa Unguja angali msichana, asirudi. Jina la baba yao, Mbarak. Mzee aliniuliza kwa kuwa alitumaini ni yeye. Alikuja kuposa, na alikuja pia kutafuta jamaa zake.

Nikaingia ndani. Rahma alikuwa amekwisha kukusanya vikombe.

Nikasema habari itakufa. Haikufa, ilifika Ghala. Baada ya wiki mbili wakaja watu wa Ghala na samli na tende, kuja kuwaona watoto wa binti yao aliyepotea. Walikuja na bibi kizee wao, Bi Salma, ambaye alilia aliponiona. Akasema anamkumbuka Moza vizuri sana. Alikuwepo siku aliyoanguka kutoka juu ya punda! Kwa hesabu yangu, Bi Salma alikuwa hata hajazaliwa.

Wakatuandikia barua ya kututambua kuwa ni watu wao, maana skuli za huku huuliza barua kama hiyo. Kwa barua hiyo wadogo zangu wawili wameingia skuli, mimi niliyeishia darasa la sita. Na kuhusu Rahma wakatoa amri: asiolewe na yeyote aliye chini ya nyumba ya Sheikh. Nikauliza kama kwao kuna kijana. Wakacheka kwa adabu. Kwao vijana huoa mabinti wenye baba hai na mashamba.

Mwisho nilikwenda Ansab. Mzee Khalfan alikuwa mdomoni mwa kisima, ameshika kamba. Nikamwambia yote, na jina la Mbarak nikalitaja. Akatabasamu.

"Unajishusha kwa ajili ya dada yako," akasema. "Ndivyo wafanyavyo watoto wa watu. Na Mbarak umesikia kwa Maalim."

Nikaapa tena. Akatikisa kichwa. "Kiapo chako cha kwanza nilikiamini, mwanangu. Hiki cha pili nikiamini kwa nini? Uliapa mbele ya watu. Kitengue mbele ya watu, na wa Ghala wawepo."

Wa Ghala wakiwepo, barua inarudi kwao, na wadogo zangu wanarudi nyumbani na mabuku yao. Ndipo nilipokwama, na bado nimekwama.

Nilimweleza Rahma. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi. Akauliza, "Kaka, siku ile uliona aibu kwa ajili yangu au kwa ajili yako?" Akaendelea kushona.

Kwa hiyo wewe uliye walii wa dada yako, msimamizi wa ndoa yake, ukiulizwa asili yenu, sema unayoijua. Usimchagulie marehemu baba asiyekuwa wake. Na kabla hujajibu, muulize anayekuuliza anatafuta nini, huenda anakutafuta wewe.

Sleiman bado hajaoa, ila nasikia mama yake ameanza kuulizia msichana huko Bawshar. Kiapo cha uongo kina kafara, nami nimefunga siku zangu tatu, nimemaliza. Deni la Rahma halifungiwi. Kila alfajiri ananiwekea chai, nami nakunywa, natoka kwenda bohari.