Majivu ya Tanuri kwenye Sukuma za Dada

Mimi ndiye niliyeyaleta majivu yale. Naandika hilo kwanza kwa sababu kwa muda mrefu nilisema tu kwamba "yaliletwa".

Nilipomaliza shule ya msingi nilikuja mjini kuishi na dada yangu karibu na Makadara. Nikapata kibarua cha kufagia katika karakana moja ya Industrial Area, walikopasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi, ile metali nzito iliyomo ndani. Tanuri liliacha majivu mengi, laini kama unga. Dada alikuwa na kishamba cha sukuma wiki kando ya mto, nyingine akiwauzia majirani, na wadudu walikuwa wamezivamia. Kwetu magharibi, mboga zikiingiwa na wadudu hunyunyiziwa majivu ya mekoni. Lakini mjini tulipikia mafuta ya taa. Nikajaza mfuko majivu ya tanuri kazini.

Wadudu walipungua. Dada akawaambia majirani, "Huyu haongei, lakini ana akili kuwashinda nyote!" Sikuwahi kusifiwa hivyo. Nikawa naleta mfuko kila Jumamosi.

Fundi wa tanuri aliniona, akacheka. "We binti, sumu hiyo unampelekea nani? Mimi mwenyewe sishiki mtoto kabla sijaoga."

Nilimsikia vizuri. Nikaamua kwamba anatania.

Mtoto wa dada, wa miaka mitatu, alishinda pale kishambani akichezea udongo na kulamba vidole. Akaanza kulia tumbo, akakataa chakula, midomo ikapauka. Dawa ya minyoo haikusaidia. Kwenye zahanati, daktari aliuliza kama kuna mtu nyumbani anayefanya kazi na betri au rangi.

"Huyu mdogo wangu," dada akasema, "lakini yeye hufagia tu."

Daktari akanigeukia. "Hubebi kitu chochote kwenda nyumbani?"

Nikatikisa kichwa kukana.

Jioni hiyo dada alimpondea mtoto ugali na sukuma, akampelekea tonge mdomoni. Nikamshika mkono, tonge likaanguka. Nikasema yote, hata maneno ya fundi.

Hakunipiga. Alimfunga mtoto mgongoni kumrudisha kwa daktari. "Na wale niliowauzia?" akauliza mlangoni. "Nenda kawaambie. Wewe, si mimi."

Daktari alisema risasi haiozi, hukaa udongoni. Kile kishamba hatukukilima tena. Tumbo la mtoto lilipona polepole. Sasa yuko shuleni na herufi zinamshinda, na hakuna aliyeweza kuniambia kama ni kwa sababu yangu.

Jioni ile niliyotumwa, nilisimama mlangoni kwa jirani wa kwanza hadi mwenyewe akafungua, mwiko mkononi.

"Kumbe ni wewe, bubu wetu! Karibu, nimepika sukuma zenu."

"Mama, zimwage," nikasema. Hakusikia, sauti ilikuwa ndogo. Nikasema tena.

Ilibaki milango mitatu.