Asubuhi Tuliyochoma Vyungu

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiisimulia safari ile kana kwamba ilikuwa nzuri. Nawaambia wenzangu chuoni kwamba nilikaa siku mbili kwa wafinyanzi wa Kizulu, kwenye vilima mwendo wa saa tatu kutoka Durban, nikala kwao, nikafundishwa. Naonyesha na picha. Yote hayo ni kweli. Sehemu nisiyoisema ndiyo ninayoiandika hapa.

Ufinyanzi nilijifundisha mwenyewe, chumbani kwangu Glenwood, hapo Durban, kwa kutazama video kwenye simu. Meza ya kusomea ndiyo iliyokuwa karakana. Nilivunja vyungu vingi kuliko nilivyobakiza. Kikiwa na upande mmoja mnene kuliko mwingine, hata kwa unene wa ukucha, nilikifinya kikarudi kuwa bonge la udongo. Baada ya mwaka mzima nilikuwa na kimoja tu nilichoweza kukitazama bila kuona aibu, nacho kilikuwa bado kibichi, maana sikuwa na mahali pa kukichoma.

Yaya ndiye aliyenitafutia mahali. Ni Mkongomani mwenye saluni Greyville, ndiye anayenisuka, na namwita yaya kama watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa. Mmoja wa wateja wake ni mwanamke anayeuza vyungu vyeusi sokoni Warwick, aliyeolewa katika nyumba ya wafinyanzi. Siku moja wawili hao walizungumza Kizulu juu ya kichwa changu huku nikisukwa, kisha yaya akanigonga begani na kitana.

"Alhamisi tunaenda kwa mama mukwe yake. Wanachoma Ijumaa. Beba ile chungu yako, tuone kama ni chungu ao ni maneno tu."

Nilikipakata njia nzima, kimefungwa kwa taulo mbili. Kila gari lilipopita kwenye shimo, yaya, aliyekuwa akiendesha, alicheka. "Hata mutoto wa kuzaa haiko bebwa hivyo."

Mama mkwe huyo alikuwa bibi mwembamba, na kila mtu alimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, kwa hiyo nami nikamwita Gogo. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alikipokea chungu changu, akakipapasa kwa vidole vyote kumi, halafu akakibandika shavuni na kutulia hivyo kwa muda. Yaya alinieleza kwamba ndivyo wanavyopima: udongo wenye maji ndani yake huwa baridi shavuni, mkavu hauna baridi.

"Kimekauka," Gogo alisema, na yaya akawa anatafsiri. "Lakini mbona chembamba kama ganda la yai? Kwenu udongo unaibiwa?"

Wote walicheka, mkwe wake, yule muuzaji wa Warwick, akacheka kuliko wote. Nilicheka pia, ila usiku kucha neno "chembamba" lilinikaa kifuani. Sikujua kama lilikuwa sifa au kasoro.

Jioni hiyo Gogo alinionyesha chungu chake. Kilikuwa kipana tumboni, chenye vinundu vidogo vilivyopangwa kuzunguka bega. Jumamosi walikuwa wanamrudisha mume wake nyumbani. Mwaka ulikuwa umepita tangu azikwe, na kwa desturi yao wakati huo ndio roho yake huitwa ije ikae tena na watu wake. Pombe ya kumpokea huwekwa kwenye chungu, nyuma kabisa ya nyumba ya duara, mahali penye giza. Gogo alikuwa ameacha kufinyanga kwa sababu ya macho. Hiki alikifinyanga kwa kupapasa, akakilainisha kwa kokoto, kisha akakiacha kikauke mwezi mzima. Hakutaka mume wake apokelewe kwa chungu cha mkono mwingine. Alilirudia hilo mara mbili, na mara zote mbili mkwe wake alitazama chini.

Ijumaa kulipopambazuka nilikitoa changu nje nikitazame mara ya mwisho. Mwanga ulikuja kwa upande, na chini ya mdomo nikaona ufa. Si ufa hasa, mchirizi tu, mwembamba kama unywele, ambao mtu mwingine asingeuona. Nilijua la kufanya: kukiacha. Kila video niliyowahi kutazama inasema chungu kikishakauka hakiguswi na maji, maana kikiingia motoni na unyevu hupasuka. Nililowesha leso, nikachanganya ujiuji wa udongo kwenye kifuniko cha chupa, nikaziba mchirizi na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Pakabaki alama ya kijiko. Nikalowesha tena ili niiondoe. Nilipomaliza, bega zima lilikuwa limekolea rangi ya maji. Nilikaa nacho kwenye upepo mpaka rangi ikapauka, nikajiambia kimekauka. Sikukibandika shavuni. Nadhani sikutaka kujua.

Yaya alitoka akipiga miayo. "Iko nini tena?"

"Nakifuta vumbi."

Kwa kuwa Gogo alishakipima jana yake, hakuna aliyekipima tena. Mkwe ndiye aliyepanga vyungu. Alitandika samadi kavu ya ng'ombe na majani makavu ya mshubiri, akaweka cha Gogo katikati, na changu akakiegemeza kwacho, ubavu kwa ubavu, kwa sababu mgeni hupewa mahali pazuri. Alianza na moto mdogo, maana moto wa ghafla nao hupasua vyungu. Nililiona hilo kwa macho yangu na nataka liandikwe: alianza na moto mdogo, akangoja, akaongeza kidogo kidogo kama mtu anayelisha mgonjwa.

Chungu changu kilipasuka kabla moto haujashika sawasawa. Mlio wake ulikuwa kama mlango uliobamizwa. Ukafuata mlio wa pili, mdogo, na Gogo, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka mbali kidogo, akasimama.

Tulingoja majivu yapoe. Mkwe alivitoa vipande kwa fimbo. Changu kilikuwa vigae vitupu, na kimojawapo kilikuwa kimetoboa tumbo la chungu cha Gogo. Gogo alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye tundu lile, akauzunguka ukingo wake taratibu.

"Makoti," alisema. Ndivyo anavyoitwa mke wa mtoto wa mtu kwao. "Uliharakisha moto."

"Hapana, Ma. Nilingoja."

"Uliharakisha. Akili yako ilikuwa kwenye masufuria ya kesho."

Mkwe aliiweka fimbo chini. Kisha akapiga magoti naye. "Samahani, Ma."

Yaya alikuwa akininong'oneza maneno yote hayo sikioni, na kila neno lilinipa nafasi ya kusema langu. Halafu Gogo akageuka, akanitafuta kwa macho yake yasiyoona vizuri, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Chungu chako kimeharibikia nyumbani kwangu."

"Haidhuru, Gogo," nilisema.

Tuliondoka mchana. Wanawake walikuwa wanachuja pombe, mkwe akiwa kati yao. Tulipofika barabara kuu nikamwambia yaya kila kitu: leso, ujiuji, kijiko. Kisha akaliegesha gari kando ya barabara.

"Sasa unanielezea mie kwa nini? Mie ni mama mukwe?"

"Nimeogopa kumwambia."

"Na ule dada? Yeye amefanya nini?" Alipiga namba ya mkwe kwenye simu yake, akanitupia mapajani ikiwa inaita.

Mkwe alipokea. Tulizungumza Kiingereza. Nilimwambia kwa haraka, bila kupumua, na nikaongeza kwamba niko tayari kurudi sasa hivi nimwambie Gogo mwenyewe. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba. Alisogea mbali na sauti zao.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa," alisema, "lakini niliomba msamaha."

Nilimwambia tena kwamba nitarudi.

"Usirudi," akasema. "Leo Ma ataona nimekutuma ubebe kosa langu, itakuwa vibaya zaidi. Kesho tutatumia chungu changu. Atakaa pale mbele ya ukoo wote, akijua ni cha mkono wangu, na akijua kwa nini." Kisha akaniambia tusafiri salama, na akakata.

"Amesema nini?" yaya aliuliza.

"Amesema nisirudi."

Yaya aliwasha gari. "Basi ile kosa utabaki nayo," alisema, akarudi barabarani.

Sijafinyanga tena. Udongo uliobaki ulikauka ndani ya ndoo, na ndoo iko chini ya kitanda. Mkwe wa Gogo bado huja mjini kuuza, na bado husukwa palepale Greyville. Siku akiwa na miadi, yaya hunitumia ujumbe asubuhi: "Leo usikuje." Hajawahi kuniambia kama ni yeye mwenyewe aliyeamua hivyo au ni mkwe aliyemwomba. Sijauliza, na siendi.