Mfuaji wa Jezi za Pweza

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama siku zote, akachemsha kahawa. Nilimkuta uani, mikono ndani ya beseni, redio imezimwa. Hapo nikakumbuka kwamba msimu umekwisha. Kuanzia Oktoba mpaka Januari redio ile haizimwi nyumbani kwetu.

"Kahawa iko mezani, mzee," akasema. "Sukari nimeshatia. Usiongeze."

Nikaongeza.

"Nimekisikia kijiko," akasema, hata kichwa hakugeuza.

Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho. Jioni alisema anajilaza kidogo, moyo ukasimama usingizini. Lakini asubuhi alikuwa mzima, na kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa kingine kabisa. Ilikuwa siku ya kuuzika msimu, na watu walikuwa wamemnyang'anya neno lake.

Jina lake Eduvigis. Mtaa mzima ulimwita Viges. Alifua jezi za Pweza, timu yetu ya besiboli, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Klabu ilinunua mashine, ikaharibika, ikanunua nyingine. Wachezaji wakaendelea kuleta jezi kwa Viges. Udongo mwekundu wa uwanja wetu hauogopi mashine. Viges aliutoa kwa limau, chumvi na jua.

Uwanjani hakuwa akienda. "Nikafanye nini huko? Mchezo wenyewe unanifuata nyumbani," alisema. Jezi ikija na udongo kifuani, mwenyewe amejitupa chini kukiwahi kituo. Ikija safi, mwenyewe ameshinda benchi. Zile safi alizifua kwa upole zaidi.

Msimu huu ulianza vibaya. Mvua ya Oktoba ilikula mechi, na zile ambazo haikuzila tulifungwa. Mtaani watu walianza kuizima redio kabla ya zamu ya tisa, ile ya mwisho. Halafu akarudi Mlingoti.

Mlingoti ni mrushaji, mtoto wa hapa hapa, mrefu mpaka anainama mlangoni kwetu. Alikuwa amecheza nchi za nje, huko wakamwona mzee, wakamrudisha. Siku ya kwanza alirusha kama kijana. Tukashinda. Tukashinda tena. Ikawa kila akipanda kwenye kilima cha mrushaji, wapigaji wa wenzetu wanapiga upepo.

Na hapa kwetu timu ikishika ushindi, hakuna anayegusa kitu. Tilo mwenye duka la kona aliacha kunyoa ndevu. Mimi nilikalia kreti lile lile la bia kila mechi. Nikikuta mtu amelikalia, ananyanyuka mwenyewe. Mlingoti naye alikataa fulana yake ya ndani isifuliwe. Aliitembeza ndani ya mfuko wa nailoni, na wenzake wakampisha njia.

Krismasi ikatukuta juu ya wote.

Siku moja Mlingoti alikuja kwetu na fulana ile. Ilikuwa imechanika kwapani, upande wa mkono wa kurushia.

"Shona tu, mama. Usifue. Hata maji usiionyeshe."

"Hii mwanangu siishoni, naizika," Viges akasema. Mlingoti akacheka, akaondoka.

Viges aliigeuza ndani nje. Akaacha kucheka. Aliniita.

"Nusa, mzee."

"Sinusi mimi."

"Jasho nalijua. Hili si jasho." Akanionyesha doa. Damu, na ukingo wa njano. Usaha.

Mlingoti aliporudi kuichukua, Viges alimfungia mlango. "Inua mkono." Akakataa. "Inua mkono, nimeshawaona wakubwa kuliko wewe." Akainua. Jipu lilikuwa kubwa, jekundu, na mstari umeanza kushuka kuelekea kwenye kiwiko.

"Kijipu tu, mama."

"Kijipu kina miguu hicho? Mbona kinatembea? Nenda kwa daktari leo."

"Nikienda, mwalimu atajua. Akijua, ataleta mwingine. Mimi nikitoka mara hii sirudi tena. Ngoja fainali ipite."

"Na mkono nao utangoja?"

Mlingoti akamshika mikono, akamwapisha asimwambie mtu. Viges akaapa. Lakini fulana hakumrudishia. Aliichemsha kwa sabuni ya mche mpaka ikawa nyeupe, akaianika kwenye kamba ya mbele, inayoelekea barabarani, pale anapoanika siku zote. Kufua hakukuwamo katika kiapo.

Mtaa ukasimama. Pikipiki zilipunguza mwendo. Tilo alitoka dukani na povu la bia kwenye zile ndevu zake.

"Viges! Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Nimefua. Hujawahi kuona?"

Jioni ile Mlingoti alirusha na fulana safi, na uso umekunjamana. Katika zamu ya pili mpira wake ulipigwa ukaruka ukuta. Katika ya tatu ukaruka mwingine. Tukafungwa vibaya. Kesho yake alikwenda mjini, akapasuliwa jipu, akamwambia mwalimu ni mgongo unamuuma. Wenzake wakatufikisha fainali bila yeye, wakafungwa pale pale mwisho.

Mtaani hapakuwa na maswali. Viges ameifua bahati. Wakampa jina: Mama Sabuni. Akienda dukani, mtu anauliza kwa sauti, "Tilo, una kitu chochote hapo ambacho Mama Sabuni hajakifua?" Wanaume wanagonga dhumna mezani, wanacheka. Yeye ananunua mchele wake, anarudi. Nilitaka kuwaambia. Aliniwekea kiganja mdomoni. "Kiapo ni changu, si chako."

Sasa, siku ya kuuzika msimu tunapika sancocho, supu nzito ya nyama na mihogo, nyuma ya duka la Tilo, sufuria ya kuingia mtoto. Tunachimba shimo dogo, tunaweka mpira mmoja uliochanika, na kila mtu anatupia udongo na kusema neno lake juu ya msimu. Neno la mwisho ni la mfuaji. Limekuwa lake miaka yote. Mwaka huu Tilo alituma salamu: njooni mle, ila neno la mwisho amepewa mtangazaji wa redio.

Ndiyo maana asubuhi ile aliwahi beseni. Alikuwa anafua jezi za mwisho, za kuwekwa mpaka Oktoba, na alizisugua kana kwamba zimemtukana.

"Nenda wewe," aliniambia. "Niletee nyama ya mbuzi kwenye bakuli."

"Sendi bila wewe."

"Basi utakufa njaa."

Nikakaa kwenye ngazi. Akafua. Nikakaa. Mwishowe akajifuta mikono kwenye gauni. "Mzee mkaidi. Vaa shati, basi."

Tulikaa pembeni. Watu walikuwa wanasema maneno yao. Mmoja akasema mvua. Mwingine akasema mwamuzi wa fainali ni kipofu, wakampigia makofi. Tilo, ambaye sasa alikuwa amenyoa, akatupa udongo wake akasema, "Sabuni." Wakacheka mpaka mtu akamwaga bia. Mke wangu alitazama sufuria. Nilimshika kidole kimoja. Hakukiondoa.

Mlingoti alikuwa upande ule, karibu na mwalimu wake, Bwana Heriberto. Ilipofika zamu yake hakuokota udongo. Alivua shati. Akainua mkono, kovu bichi likaonekana kwapani, refu kama kisu cha mezani.

"Si mgongo, mwalimu," akasema. "Nilidanganya. Lilikuwa jipu. Daktari alisema ningechelewa, sumu ingeingia kwenye damu. Mama aliliona kwenye fulana. Nilimwapisha, akanyamaza, nanyi mkamcheka mchana kweupe."

Tilo aliiweka bia yake chini.

Bwana Heriberto alikuna shingo. "Mkono unainuka?"

"Unainuka."

"Tutaona Oktoba," akasema. Ndivyo alivyosema tu, wala hakutabasamu.

Tilo alitoka pale akaja mpaka kwetu, uso wake mtupu umekuwa mwekundu. "Dada Viges," akasema, "lakini hukuweza kufua baada ya fainali?"

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Mtangazaji wa redio alikuwa ameshashika udongo wake, akauangalia, akaja akaumimina kwenye kiganja cha Viges.

Alisimama pale shimoni, mikono bado imekunjamana kwa maji. Aliutupa ule udongo juu ya mpira. Neno lake la mwisho nimelishika lote:

"Mwaka jana mliniletea jezi safi, nikaona uchungu. Mwaka huu mmenivunja mgongo kwa matope, sina la kulalamika. Oktoba zileteni mapema, udongo ukikauka hautoki. Haya, nipisheni pale kwenye sufuria, mzee wangu hajapata nyama."