Majigambo ya Mtu wa Nyumbani

Kosa langu, la kijinga kuliko yote, lilikuwa kuomba nisome wa kwanza ili niwahi kurudi nyumbani. Mtu yeyote mwenye uzoefu wa baa angeniambia kwamba wa kwanza anasoma watu wakiwa bado wanaagiza. Lakini mimi baa nilikuwa sizijui. Kwenda dukani kwenyewe huwa najishauri.

Vijana wa Musoma walikuwa wameandaa jioni ya mashairi kwenye baa moja karibu na mwalo wanaposhushia samaki, Jumapili, mechi ikishaisha. Kutoka Bunda walikuja mwalimu wa sekondari na binti mmoja mwenye sauti nzito. Mimi nilikuwa na shairi moja tu la maana, la mama yangu. Mama alikuwa kwangu siku hizo, amekuja kutibiwa macho, na kesho yake alikuwa anarudi Butiama. Nilitaka alisikie likisomwa mbele za watu, maana sijawahi kusikia mtu akimsifia, marehemu baba akiwemo. Nikamwambia kuna kitu chake huko.

"Baa?" akauliza.

"Utakunywa soda, mama."

"Na watu wa kanisa wakinikuta?"

Jirani yangu, mama muuza samaki wa mlango wa pili, akadakia: "Na wewe waulize wamefuata nini." Akajifunga kanga, akatusindikiza.

Tangu tufike sikutulia. Nilihama viti, nikaenda chooni bila haja, nikakunjua karatasi, nikaikunja tena. Jirani akanivuta shati.

"Kaa chini, wewe! Unamzunguka mama yako kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikaitwa. Nimeshika kipaza sauti, mhudumu anapita mbele yangu na sahani ya sato, meza ya nyuma inadai ndimu. Kabla sijafungua mdomo, mchuuzi mmoja wa ng'ombe akapaza sauti, chupa mkononi:

"Subiri kwanza! Wewe ni wa nani? Unaanzaje bila kujisema?"

Nilijua anachodai. Kwetu, mwanaume akisimama mbele ya watu wanaokunywa, anajigamba kwanza: ukoo wake, ng'ombe wake, alikopita wenzake wakarudi nyuma. Babu yangu alikuwaga hodari wa hayo. Mimi ng'ombe sina, mtumbwi sina, na simba nimemwona kwenye noti ya elfu mbili.

"Mimi ndiye niliyekaa!" nikasema, ulimi ukitangulia akili. "Wenzangu walivuka mto, mimi nikavuka sebule! Mvua imenitafuta barabarani, imenikosa! Mbwa wa mtaani kwangu wananibwekea, hawanijui!"

Baa ikalipuka. Meza zikagongwa. Mchuuzi akasimama kabisa.

"Ongeza, mwanaume! Na kitanda je?"

"Kitanda kinaniita baba!"

Nikaongeza la shuka, nikaongeza la mto wa kulalia, mpaka mwalimu wa Bunda akafuta machozi. Kisha kijana aliyekuwa anaongoza shughuli akanisogelea.

"Sasa shairi, kaka. Muda bado unao."

Na kweli watu walikuwa wamenyamaza, wamenigeukia wote, hata wa ndimu. Mama alikuwa ameweka soda chini, mikono mapajani, shingo ameinyoosha upande wangu kwa sababu ya yale macho. Nikamwangalia. Nikaangalia mlango.

"Inatosha," nikasema. "Wapeni wenzangu nafasi."

Wakanipigia makofi mpaka nilipoketi.

Wengine walisoma. Binti wa Bunda alisoma vizuri, naambiwa. Mimi nilisikia mguu wangu tu ukitikisa meza. Katikati ya hayo mama akaniinamia.

"Ndilo lile?"

"Ndiyo, mama. Ndilo."

"Zuri," akasema. "Umewachekesha."

Tulirudi kwa miguu, mimi nikitangulia, nikisimama, nikiwasubiri, nikitangulia tena. Tulipofika, mama akaingia ndani kuvua viatu. Nilibaki mlangoni na jirani, karatasi bado imelowa jasho kiganjani. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Baa nzima hukuiogopa, umeenda kumwogopa mama yako. Umemtoa mama wa watu nyumbani kwenda kunywa soda tu."