Jinsi Mama Makochi Alivyozoeana na Mungu

Mtaa mzima walimwita Mama Makochi, na jina lilimkaa kama kitambaa kilichokatwa vizuri. Kibaraza chake cha kazi kilikuwa katikati ya saluni na fundi wa simu. Ukipita hapo asubuhi ungemkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, pini amezibana midomoni, mkono mmoja umezama ndani ya sponji hadi kiwiko. Ufundi huo wa kuvalisha makochi upya aliurithi kwa mjomba wake. Wateja wageni walizoea kuuliza, "Jamani, fundi yuko wapi?" Naye hutoa pini mdomoni taratibu na kujibu, "Fundi alitoka tumboni mwa mama yake zamani sana. Sasa hivi amepiga magoti mbele yako. Sema shida yako."

Alikuwa mcheshi, mchapakazi, tena mtu wa kanisani. Jumapili hakosi, sadaka hasahau, na kitambaa cha kichwa lazima kifanane na gauni. Lakini ndani ya moyo wake alimwogopa Mungu, na si ule uchaji unaohubiriwa. Alimwogopa hasa, kama mtu anavyomwogopa mbwa asiyejulikana lini atauma.

Woga huo ulikuwa na chanzo. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa vipindi. Leo anaingia nyumbani anacheka, anawabeba watoto mabegani. Kesho anaingia sufuria zinaruka. Hakuna aliyejua kilichombadilisha. Watoto walijifunza kusikiliza jinsi lango linavyofunguliwa: likifunguliwa polepole, wanakimbilia mlangoni; likibamizwa, kila mmoja anatafuta uvungu wa kitanda. Baba alishafariki, lakini binti yake alikua na lile sikio la kusikiliza lango. Mambo yakimwendea vizuri alinyata, asije akamwamsha Mungu vibaya. Yakimwendea kombo alianza kujipekua: nimekosa nini tena? Na maombi yake yalikuwa mafupi, ya mtu aliyebisha ofisini kwa mkubwa na anataka kuondoka kabla hajaulizwa maswali.

Mumewe, fundi umeme, aliliona hilo akawa anamtania. "Mke wangu, unaomba kama unatoroka." Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa amani, wa kupiga miluzi akiwa juu ya ngazi. Hata wenzake walimpachika jina la Waya, kwa wembamba wake na kwa kupenya kwake mahali popote.

Kisha mama yake Waya akaja kukaa nao. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa kwa ugonjwa, na hakutaka kuonewa huruma. Wiki ya kwanza aligombana na kila kiti ndani ya nyumba. "Nani kaweka stuli hapa? Mnataka kuniua ili mrithi nini, na mimi sina kitu?" Mama Makochi alijikaza kisabuni. Mwishowe alimchukua mama mkwe akamkalisha kibarazani, akampa gunia la sponji kuukuu azichambue kwa vidole ziwe za kujazia mito. Bibi akatulia. Vidole vyake vilikuwa vikali kuliko mkasi.

"Sasa nisomee," akasema siku hiyo hiyo.

"Nikusomee nini, Mama?"

"Injili. Mwanangu alikuwa ananisomea. Anza popote, mradi yumo Yesu mwenyewe."

Basi ikawa desturi. Mchana wateja wakipungua, Mama Makochi anapangusa gundi mikononi, anakaa juu ya fremu ya kochi, anasoma. Siku ya kwanza alisoma habari za yule mwenye ukoma aliyemwendea Yesu akimsihi amtakase. Alipomaliza, bibi akauliza, "Haya. Hapo umemwonaje?"

"Inatufundisha kwamba tuwe na imani, na tuwe wanyenyekevu, na tu..."

"Ngoja, ngoja. Sijakuuliza sisi. Nimekuuliza yeye. Ni mtu wa namna gani?"

Mama Makochi akarudi kuutazama ukurasa. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa afanye nini na aache nini, lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Wewe ulipochumbiwa na mwanangu," bibi akaendelea, vidole vikichambua, "uliuliza tu yeye anataka upike nini na uvae nini? Si uliuliza huyu mwanamume ni mtu gani, ana hasira, ana huruma, akisema neno linasimama? Sasa mbona Mungu mnamchumbia gizani? Soma tena."

Akasoma tena. Na safari hii akaona kitu. Kazi yake ilikuwa kugusa uchafu wa watu. Makochi mengine yakifika kibarazani hata wabebaji walifunika pua. Alijua vizuri kabisa tofauti ya mtu anayeuliza bei akiwa mbali na mtu anayeingiza mkono.

"Alimgusa, Mama," akasema polepole. "Angeweza kusema neno tu akiwa kule kule, na yule mtu angepona. Lakini alinyoosha mkono akamgusa wakati bado ana ukoma. Hajasafika bado."

Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ehe. Huyo sasa umemwona."

Msimu ulipita hivyo, sura kwa sura. Walimwona akisimamisha umati wote kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyetaka kujificha. Walimwona akiwakaribisha watoto ambao wanafunzi wake waliwafukuza, na akiwakaripia wakubwa waliowabebesha watu mizigo. Kuna siku Mama Makochi alicheka peke yake akiwa anabana kitambaa, mwenye saluni akachungulia kuuliza kulikoni. "Hakuna," akasema. "Nimegundua tu kwamba huyu mtu habadiliki. Namtafuta siku aliyoamka vibaya, siioni." Na kwa kuwa Yesu mwenyewe alisema anayemwona yeye amemwona Baba, woga ule wa zamani ukaanza kulegea. Haukuisha. Woga wa utotoni hauondoki kwa kupulizwa. Lakini ulilegea.

Ndipo Waya akaanguka.

Alikuwa akifunga taa kwenye dari la ukumbi, mbao aliyokanyaga ikavunjika. Simu ilipoingia, Mama Makochi alikuwa na mkasi mkononi. Alikimbia nao hadi barabarani bila kujua. Hospitali ilikuwa imejaa harufu ya dawa na watu wanaongoja. Daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ya uchovu, alimwita pembeni. Nyonga imevunjika, akasema, na mgongo umeumia. Lazima apasuliwe. Kuhusu kutembea, hakuahidi kitu. "Tutajitahidi. Nisikudanganye zaidi ya hapo."

Mama Makochi alirudi nyumbani jioni kumwangalia mama mkwe, na njia nzima lile sikio la zamani lilikuwa limeamka. Lango limebamizwa. Nimekosa nini? Niliruka ibada ya katikati ya wiki. Nilimjibu vibaya jirani. Au ni kwa sababu nilianza kujisikia salama? Aliogopa mawazo yake mwenyewe.

Kama hiyo haitoshi, kando ya kitanda cha mama mkwe alimkuta kiongozi wa kwaya amekuja kuwapa pole. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na nia njema, na ulimi hauna mfupa. "Dada yangu, poleni sana. Lakini nikwambie ukweli: chunguzeni nyumba yenu. Mungu hapigi bila sababu."

Mama Makochi alimtazama mama mkwe, akingoja jibu. Bibi huyu hakuwahi kukosa neno. Siku nyingine angemtoa mgeni huyo mbio kwa ulimi tu. Lakini alikuwa amejikunja kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Mgeni alipoondoka, Mama Makochi akachukua kitabu, kwa kukosa la kufanya.

"Nisome, Mama?"

"Usinisomee." Sauti ilikuwa kavu. "Leo sitaki kumsikia. Nimezika mume. Nimezimika macho. Huyo mtoto ndiye fimbo niliyobakiziwa, nayo imevunjika. Mwambie huyo wako aniache."

Mama Makochi akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na mahubiri, na hata angekuwa nayo asingethubutu. Akauchukua mguu wa mama mkwe juu ya mapaja yake, akaukanda kama alivyozoea kuukanda kila jioni, na baada ya muda akajisikia anaongea.

"Mama, mimi sijui kwa nini Waya ameanguka. Nimejipekua njia nzima, sijapata. Lakini yule mama wa kwaya alipokuwa anaongea, nilikuwa najiuliza, anamsema nani? Kwa sababu yule tuliyemsoma mimi na wewe simtambui katika maneno yake. Tulisoma kuhusu rafiki yake aliyekufa. Alijua atamfufua. Alijua, Mama. Alijua baada ya muda mfupi watu watakuwa wanacheka. Na bado alisimama pale akalia pamoja nao. Sasa mtu anayejua mwisho wa habari, analilia nini?"

Akauchukua mguu wa pili.

"Nafikiri inamuuma tu. Inamuuma tukiumia. Huyo hawezi kumsukuma mwanao kutoka darini ili atutie adabu. Sijui anafanya nini, na ningependa anieleze. Lakini tabia yake naijua. Umenifundisha wewe."

Bibi akageuka, uso umelowa. "Hayo umeyasoma mahali, au ni ya kwako?"

"Ya kwangu."

"Haya," akasema, akipapasa kuutafuta mkono wa mkwewe. "Basi endelea kukanda. Na kesho unibebe twende. Nisikae huku kama gunia."

Asubuhi walikwenda wote. Waya alipoingizwa chumba cha upasuaji, wanawake wale wawili walikaa kwenye benchi la mbao ambalo Mama Makochi, hata katika hali ile, aliona limepigiliwa vibaya. Alifumba macho kuomba, na kwa mara ya kwanza maishani hakukimbia. Hakuahidi kufunga wala kuongeza sadaka ili mumewe aponywe. Alisema kwamba amekasirika. Alisema kwamba anaogopa, kwamba anamtaka mumewe mzima, na kwamba hata akipewa asilolitaka atabaki hapa hapa, kwa kuwa hana mwingine anayemjua hivi. Kisha akanyamaza, na katika ule unyamavu hakusikiliza lango lolote. Alikaa tu, kama mtu anavyokaa karibu na ndugu yake.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ingawa haukuleta muujiza wa kutangazwa. Waya alirudi nyumbani kwa magongo, mguu wa kushoto ukiburuta, na ngazi hakuzipanda tena. Miezi ile ilikuwa migumu. Alikuwa amezoea kupiga miluzi. Sasa alikaa akitazama ukuta na kusema kila kiti kinamchoma nyonga. Siku moja akasema, "Nimekuwa mzigo." Mkewe akamjibu, "Mzigo ni kochi la watu watatu lisilo na mikono. Wewe nakubeba kwa kidole." Waya alicheka hadi akashika ubavu, na kuanzia hapo akaanza kurudi.

Mama Makochi aliamua kumtengenezea kiti. Cha kwanza kilikuwa kigumu, cha pili kilimzamisha. Alipunguza sponji upande mmoja, akainua mgongo, akaongeza mahali pa kuegesha mkono ili aweze kujiinua bila kuvutwa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkaguzi. Alikipapasa kote na kutoa hukumu. "Hapa pana uvimbe. Unataka mwanangu akae juu ya jiwe?" Kilipokubalika, Waya alikaa asubuhi nzima bila kulalamika, akatengeneza feni ya jirani, kesho yake pasi, na kabla hajajua akawa na meza yake kwenye kibaraza, miluzi imerudi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimtembelea alikiona kiti akakigeuzageuza, akauliza kama vinaweza kutengenezwa vingine kwa wagonjwa wake. Ikawa kazi mpya ya nyumba ile, na hadi leo Mama Makochi hutengeneza viti vya watu walioumia, kila kimoja kwa mwili wake.

Kanisani walimwomba atoe ushuhuda, wakitarajia aseme mumewe ametupa magongo. Alisimama akasema, "Mguu bado unaburuta, na tunaendelea kuuombea. Ila mimi nilikuwa namwogopa Mungu nisiyemjua. Nimeanza kumjua. Nalala usingizi." Akakaa. Wengine waliona ushuhuda huo umepungukiwa chumvi. Mama mkwe alipiga makofi peke yake hadi watu wakamfuata.

Kiongozi wa kwaya alikuja kibarazani mchana mmoja, bila ile sauti yake kubwa. Binti yake alikuwa amelazwa, mimba imeharibika, na alikuwa hataki kula. Alisimama mbele ya makochi akiminya mkoba wake. "Dada, nimejichunguza," akasema. "Nimejichunguza wiki nzima, sijui nimemkosea nini Mungu."

Waya alinyanyua macho kutoka kwenye pasi. Bibi alinyoosha shingo, na ungeona kabisa ana neno tayari ulimini. Mama Makochi akamshika bega kumzuia, akavua aproni, akanawa gundi.

"Binti yuko wodi gani?" akauliza. "Amekula?"

"Hajala."

"Basi twende tumpelekee chakula kwanza. Njiani nitakwambia ninavyomjua mimi huyo Mungu." Akamshika mkono yule mama, wakatoka pamoja, huku nyuma bibi akipaza sauti kwamba asisahau kumwambia habari za yule mwenye ukoma, na azisimulie vizuri, asiruke pale Yesu alipomgusa.