Severini na Sigara ya Umeme ya Mpwawe

Severini alikuwa amechoka uchovu ule ambao kulala hakuuondoi. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye meza yake ya ufundi simu pale Msamvu, shingo ameinamisha, moshi wa risasi ya kuchomelea ukimwingia puani. Ndipo Erick, mtoto wa dada yake Rosa, alipofika na kuweka mezani sigara ya umeme.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nini tena?"

"Naweka volti tatu nukta saba, lakini mara inavuta vizuri, mara inaniunguza koo. Mama kasema uipime."

Rosa alikuwa ameshapiga simu kutoka kijijini, huko juu milimani Uluguru. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa kifua ulioletwa na tumbaku, na sasa Erick, utingo wa lori la Kisaki, alidai kwamba hicho kidude ndicho kitakachomwachisha sigara. Mama mtu hakujua aamini lipi. "Wewe ndiye mjomba wake," alisema. "Ukisema ni salama, nitanyamaza. Ukisema aache, ataacha."

Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kuletewa salamu tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga shauri. Severini alilijua hilo, na lilimchosha kuliko kazi. Ujomba wake wote alikuwa ameumalizia kwenye nauli na madaftari ya shule. Kukemea aliwaachia wengine.

Akafungua kichwa cha sigara, chenye waya wa moto, akakiweka kando, akabonyeza kitufe, akagusisha nyaya za mita. Tatu nukta saba. Barabara kabisa. Hakutaka kujua zaidi. Akampigia dada yake papo hapo.

"Nimeipima. Haina neno."

"Ahsante, kaka! Leo nitalala," Rosa alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi mpaka Severini akaona haya bila kujua kwa nini.

Sababu aliijua alipokuwa akirudisha kile kichwa. Fundi simu gani asiyejua kwamba betri mbovu ukiipima peke yake husoma kamili, ukiitia kwenye simu inazima? Kitu hupimwa kikiwa kinafanya kazi. Wateja aliwaimbia hayo kila siku, halafu kwa damu yake mwenyewe akalipua kazi! Akakikaza kichwa nusu, akapenyeza ncha za nyaya pembeni, akabonyeza tena ili waya wa ndani upate moto. Namba zikapanda hadi tano, zikashuka, zikapanda tena.

"Basi irekebishe, mjomba," Erick alisema. "Mama umeshamwambia."

Angeweza. Angebadilisha kifaa kimoja humo ndani, na neno lake lingebaki kweli. Dada angelala, kijana angeondoka, naye angeegemeza kiti chake ukutani afumbe macho. Alikitamani hicho kiti na huo ukuta jamani! Badala yake akachukua simu.

"Dada, nimekosea. Nilipima kivivu. Si salama."

Kisha Rosa akasema polepole, "Na mimi nimechoka, kaka. Sema naye wewe."

Severini akamtazama kijana, ndevu tayari kidevuni. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa ameshakauka. Hata hivyo akasema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuizoea, "Erick, acha. Hii, na zile za kiberiti. Mimi mjomba wako nasema uache."

Alingoja kicheko. Erick hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaisukuma ile sigara upande wa mjomba wake.

"Nimevuta tangu darasa la saba, mjomba," alisema. "Ulikuwa unaona. Nilidhani kwako mimi si kitu."

Severini akainuka, akampa kijana kiti chake.